Nguo ya Tirza

Asubuhi ile Tirza, ambaye homa ilikuwa imemlaza wiki nzima, alimwambia mama yake kwamba amekiona kiti cha enzi. Mbele ya kiti palikuwa na bahari kama kioo, na watu wengi wakiimba, wote wamevaa nyeupe.

"Wamesema nafasi yangu ipo, mama. Imebaki nguo tu."

Mama yake, Abigaeli, alitandua shuka nyeupe, akamvua mtoto gauni lake jeupe la kulalia, akamvika sweta nyekundu ya baba yake, iliyomfunika mpaka vidole.

Mchana jirani yao Dorkasi aliingia na uji, pamoja na shuka aliyoifua na kuipiga pasi mwenyewe. Ilikuwa nyeupe pepepe.

"Irudishe, dada."

"Jamani, si shuka tu? Mtoto alale pasafi."

"Kuna watu wa nguo nyeupe wanamwita."

Dorkasi aliificha shuka nyuma ya mlango, akafungua kanga aliyojifunga kiunoni, ya manjano yenye maua meusi, akamfunika nayo Tirza. Kisha akaketi, akaanza kumnywesha uji taratibu, akiupuliza kila kijiko.

Tirza alimeza kidogo, akageuza uso ukutani.

"Wameanza tena kuimba. Leo wako karibu."

Abigaeli alimshika mabega. "Waambie mama yako amekataa."

Mtoto alitabasamu, ila si kwa mama yake. Akainua mikono yote miwili juu, taratibu, kama mtoto anayevishwa nguo.