Jina la Kiganjani

"Niandikie jina la bwana harusi, dada, ulifiche kwenye maua. Alitafute mwenyewe," bibi harusi alisema, akanipa kiganja.

Alipolitaja, koni ya hina ilinisimama mkononi. Jina hilo, la mtu huyo huyo, nilishaliandika mara mbili. Kule Dallas, kwenye kiganja cha Hadiya, aliyevunjwa taya. Na hapa hapa Gulfton, mtaa wetu wa Houston, kwa Afnan, aliyevunjwa mkono ukafungwa plasta hina yake haijafutika. Mara zote mbili mahakama ilimkuta mume huyo na hatia, akatoka jela, akahama.

Nikaenda jikoni kwa mama wa bibi harusi, nikamweleza. Alikuwa akikaanga sambusa, wala hakugeuka.

"Wacha hayo, shoga. Msitiri Muislamu mwenzio."

Msitiri! Polisi nao niliwahi kuwapigia simu. Wakanambia majina ya wanaoharibu watoto yako kwenye kompyuta, kila mtu anayasoma. Ya wanaopiga wake zao, hakuna pa kuyasoma. Mama hataki kusikia, serikali haiandiki. Basi aandike nani?

Nikarudi mkekani. Bibi harusi alikuwa akicheka, koni inamtekenya. Nikachora maua, nikachora majani, na katikati yake herufi ndogo ndogo. Kisha mkono wa pili.

Akavigeuza viganja kwenye mwanga, akatafuta, akakunja uso.

"Dada, umekosea. Huku umeandika Hadiya, huku Afnan. Ndio kina nani?"

"Wake zake," nikasema. "Na hapo kwenye kifundo cha mkono, nimekuachia nafasi yako."