Sufuria ya Jirani

Tangu mapaa ya Singida yaanze kuzalisha umeme, sheria ilikuwa moja: umeme wa paa lako ni mali yako, uuze kwa bei ya soko, lakini kumpa mtu bure ni marufuku. Siwema hakuwahi kuiwazia sheria hiyo mpaka jioni ile bei ilipopanda ghafla, na jiko la jirani yake, Mama Monko, aliyekuwa akinunua umeme, likazimika maharage yakiwa hayajaiva.

"Nimpitishie waya tu," alimwambia mumewe.

"Mita inafuatilia kila kitu, itakata umeme," alisema Mkumbo. "Na usililaumu soko. Bila watu kutafuta faida, nani angetufungia haya mapaa? Tungekuwa bado tunakohoa moshi wa mkaa."

"Enzi za mkaa, mama akiishiwa moto alikwenda kwa jirani na kigae, akapewa kaa la moto. Hakuna aliyemtajia bei."

Siwema akapenya kwenye ua wa minyaa, akarudi na sufuria ya watu, akaibandika kwenye jiko lake mwenyewe. Mama Monko akafuata na mwiko, na watoto wake wakaufuata mwiko.

Maharage yalipoanza kunukia, taa ya mita ikawaka ukutani.

"Leo mnapika kupita kawaida," mita ilisema kwa upole. "Mna wageni?"

Mkumbo aliupokea mwiko kwa Mama Monko, akakoroga taratibu.

"Hapana," alijibu. "Ni watu wa humu humu."

Taa ilichelewa kuzimika. Siwema akaongeza chumvi.