Neno la Jumamosi

Kufikia saa nne za asubuhi Ulfat alikuwa hajazungumza na mtu, na mtaa ukaanza kuingiwa na wasiwasi. Bi Salhiya wa nyumba ya pili alipiga hodi kuuliza kama mtoto ana homa. Amezoea kumsikia Ulfat dirishani tangu chai haijachemka, na kimya kile kilimharibia asubuhi yake.

Mwalimu Hisham alimtoa hofu. Mtoto mzima, anasoma tu.

Mwalimu alisomesha Kiingereza miaka thelathini na mbili, akastaafu, akabakiwa na mwanafunzi mmoja, binti yake huyu ambaye mama yake alikwishafariki. Mtihani wa Kiingereza wa kuombea nafasi ya chuo Malaysia ulikuwa umebakisha wiki tatu. Ulfat hakuwa na shida ya kuzungumza, shida yake ilikuwa maneno magumu. Basi kila Jumamosi Mwalimu humpa neno moja la sifa, na siku hiyo nzima sharti aishi kama lisemavyo. Walipofika kwenye neno la mtu mchoyo, paka wa uani walinyimwa vichwa vya samaki kutwa.

Neno la leo lilikuwa taciturn.

Mwalimu alilieleza baada ya sala ya alfajiri, kwa raha zake. Si bubu, si mwenye haya, wala si aliyenuna. Ni mtu ambaye uchache wa maneno ndiyo tabia yake. Hutumika kwa watu, si kwa vyumba wala vichochoro. Na mwenye kunyamaza mara moja kwa kuwa ana jambo moyoni, huyo usimwite hivyo, huyo ana sababu zake.

Ulfat akatunga sentensi tatu. Moja ilimhusu fundi saa, moja bibi yake marehemu, na moja muuza barafu ambaye hasemi sana, lakini akisema, unakaa kutwa unalifikiria alilosema. Mwalimu alisahihisha koma, akatia alama ya vyema kwa wino mwekundu. Kisha akatoa amri: mpaka magharibi, salamu na "naam" tu.

Baada ya adhuhuri akaja kaka yake Mwalimu, Salem, bila ya taarifa, na kanzu iliyopigwa pasi. Mwalimu alipoiona kanzu tu, akajua kuna jambo. Salem hakuzunguka sana. Ameleta posa. Kijana anaitwa Machano Ubwa, mtu wa Mkokotoni, ana gari lake, anauza barafu na kupeleka samaki hoteli za Kiwengwa. Watu wa dini, hawana makuu, na wanataka jawabu leo.

Mwalimu hakuwa na ubaya na kijana huyo, hata sura yake haijui. Alichokijua ni kwamba ndoa ikifungwa, Malaysia imekwisha, na yeye aliitamani Malaysia ile kuliko hata binti mwenyewe. Lakini Salem ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa, na tangu utotoni hajapata kumwambia hapana. Hapo likamjia wazo lililomfurahisha: idhini ni ya binti, basi aulizwe mwenyewe. Ulfat ameshakataa posa tatu. Ya mwisho aliikataa kwa maneno ya robo saa, mpaka mshenga akaondoka bila ya viatu vyake.

"Ulfat!"

"Naam."

Akaja na sinia ya chai, akambusu ami yake mkono, akakaa. Salem akamweleza habari yote, akamuuliza kama anaridhika.

Kimya.

Mwalimu ndipo alipokumbuka leo ni siku gani. Kila mtu anajua kwamba katika mambo haya msichana halazimishwi kusema ndiyo, kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Akakohoa. Akamkonyeza binti yake. Akatikisa kichwa kama mwenye kufukuza nzi. Salem akauliza mara ya pili, na ya tatu, na Ulfat, mwanafunzi mtiifu wa siku zote, akatazama mkeka.

"Alhamdulillahi," akasema Salem, na akainua mikono kwa Fatiha.

"Kaka, ngoja."

Mwalimu alimshika mkono kaka yake, jambo ambalo hajalifanya maishani. Akamweleza yote: mtihani, Jumamosi, neno. Salem alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuwa siku zote alijua Kiingereza hiki kitawafikisha pabaya.

"Basi mfungulie mtoto, aseme."

"Ulfat," akasema Mwalimu, "somo limekwisha. Nshakufungulia. Sema utakavyo."

Ulfat akavuta pumzi, na maneno yakafunguka kama mfereji. Chai inapoa, na Ami hajala vidonge vyake vya presha. Bi Salhiya kamshika paji la uso mara mbili kutazama homa. Kaimati zimeungua kwa sababu aliona moto umezidi na hakuweza kumwita mtu. Na hilo neno mtu aliyelitunga, bila shaka hakuwa na jirani hata mmoja.

Mwalimu alimsikiliza, machozi ya furaha yakamlengalenga. Huyu ndiye binti yake. Malaysia imerudi. Swali hakumwachia kaka yake, aliliuliza mwenyewe, ameegemea mto, anatabasamu.

"Haya, mwanangu. Mwambie Ami asikie vizuri. Huyu Machano, unamtaka?"

Ulfat akainamisha uso, akashika ncha ya mtandio wake, akaikunja, akaikunjua, na hakusema neno.