Kadi ya Mama Ndahani

Siku hizi mvua hunyesha kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na zamu yetu ilikuwa saa kumi jioni. Laptop yetu kuukuu ikakataa kusoma kadi ya mvua, na bila kadi kusomwa zamu ya nyumba hupita bure. Mapipa yalikuwa makavu, na zamu nyingine ni baada ya miezi miwili. Nikaichomoa kadi, nikaisugua kwa raba ya shule, nikairudisha taratibu. Wapi.

Jirani yetu Mama Ndahani akaja kuangalia. "Sechelela, utaisugua mpaka iote ndevu. Jaribu na yangu, tujue mbovu ni kadi au ni tundu."

Yake ikawaka kijani. Tundu lilikuwa zima. Kadi yetu ndiyo iliyokufa.

"Basi iache humo," akasema.

"Na wewe, mama?"

"Nitachota kwako. Kwani tuko mbali?"

Mvua ikanyesha juu ya bati letu. Tulipotaka kumrudishia kadi, laptop ikaandika kwamba sasa ni ya nyumba yetu, haihamishiki tena.

Namshukuru kila siku. Naye, aliyekuwa akiingia kwetu kama kwake, sasa husimama nje na ndoo, hubisha hodi, na akishachota hunishukuru mimi.