Kumngojea Mzee Mbuthia

Mzee Mbuthia alisimama tena. Safari hii alisema anataka kufunga kiatu, na Kimanzi, aliyekuwa mbele yake kidogo, akaminya breki, akateremsha mguu mmoja na kushusha pumzi ndefu. Viatu vya mzee havikuwa hata na kamba. Vilikuwa vile vya kunasa kwenye pedali, vyenye ukanda mmoja wa kubandika. Hata hivyo mzee aliinama akavishughulikia taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Kundi lilikuwa limeshapotelea kwenye kona za Kitisuru. Kimanzi alisikia vicheko vyao vikififia nyuma ya nyua za watu, akahisi uchovu ambao haukuwa wa miguu.

Ilikuwa hivi kila Jumamosi. Alipojiunga tu na klabu hii ya waendesha baiskeli, nahodha wao, Stellah, alimwita kando pale Westlands wanapokutania.

"Kimanzi, wewe utakuwa unaenda na Mzee Mbuthia," alimwambia. "Hapa kwetu mtu haachwi barabarani, sawa?"

Kimanzi akaitikia. Angesemaje? Alilelewa Machakos, kwenye nyumba ambayo kijana haketi mzee akiwa amesimama. Ukipewa mtu wa umri wa baba yako umwangalie, husemi hapana.

Lakini moyoni alikuwa na lake. Mwezi ujao klabu ingeenda Naivasha, na Stellah ndiye angechagua watakaoendesha katika kundi la mbele. Kimanzi alilitamani kundi hilo mpaka akaona haya mwenyewe. Kazini kwake, kwenye ofisi moja ya bima mjini, alikuwa amepitwa na vijana aliowafundisha kazi. Mkewe, Annah, alishaacha kuuliza habari za cheo. Kimanzi alitaka mahali pamoja tu, hata kama ni juu ya kiti chembamba cha baiskeli, ambapo yeye hangekuwa mtu wa nyuma.

Na alikuwa amejituma. Alijinunulia baiskeli nyepesi ya mitumba kwa fundi mmoja wa River Road, akamrudia mara nyingi apandishiwe kiti na kusogezewa usukani, hadi mgongo ukaacha kumuuma. Jioni alipanda na kushuka ngazi za ofisi huku walinzi wakimcheka. Ila mazoezi yana faida gani, kama kila ukianza kupata kasi kuna mtu anakuita nyuma?

Maana mzee alikuwa na kipaji cha kusimama. Mlima ukianza kuwa mkali, Kimanzi akaanza kuhema na moyo kumgonga masikioni, hapo hapo sauti ingetoka nyuma yake. Ngoja kidogo, kijana yangu, simu inalia. Ngoja, hebu tuangalie huu mparachichi wa watu. Ngoja ninywe maji. Naye akishakunywa alimpa Kimanzi pia, kwani alibeba chupa za kutosha, pamoja na pampu, tyubu na mfuko wa spana ambao ungeweza kufungua karakana. Kimanzi aliona ni mizigo hiyo inayomchelewesha. Aliwahi kumshauri aipunguze. Mzee akacheka tu, akasema barabara haina adabu.

Subira huvuta heri, wanasema. Ya Kimanzi ilikuwa imevuta mvi tu.

Asubuhi hiyo, mzee alipomaliza na kiatu chake, Kimanzi alikata shauri. Walipofika chini ya mlima wa mwisho kabla ya Kangemi, aliinuka kitini akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Sauti ikaita, "Kijana yangu, pole pole." Akajifanya hajasikia. Ikaita tena, kisha ikanyamaza. Aliona aibu, tena aibu kubwa, lakini hakugeuka. Mapaja yaliwaka moto, jasho likamwingia machoni, na kwa mara ya kwanza akafika juu bila kutia mguu chini.

Wenzake walikuwa kibandani kando ya Waiyaki Way wakinywa chai. Kimanzi alishuka akiyumba. Wote walitazama barabara nyuma yake, wakaiona haina mtu, wakatazamana.

"Mzee yuko wapi?" Stellah aliuliza.

"Anakuja." Kimanzi aliketi kwenye benchi. Maneno aliyoyabeba miezi yote yakamtoka kwa sauti ya chini. "Kapteni, mzee namheshimu. Lakini nimechoka. Siwezi kujiandaa kwa Naivasha nikichunga mtu. Tafuta mwingine wa kumngojea."

Mmoja wao aliinamia kikombe chake. Kimanzi alijua wamemwona mtu asiye na utu, akalikubali hilo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuubeba huu.

Stellah alikuwa amefungua mdomo kusema kitu mzee alipotokea kwenye kona. Alikuja akimenya ndizi kwa mikono yote miwili, baiskeli ikijiendea yenyewe chini yake. Aliiegemeza ukutani, akasalimia watu, akaketi kando ya Kimanzi na kumkatia nusu ya ndizi.

"Mzee, leo vipi?" Stellah alimuuliza polepole.

"Leo amepanda mlima wote bila mimi kumsimamisha apumzike," Mzee Mbuthia alisema. "Naivasha bado, lakini siku moja ataweza. Ila mpe mtu mwingine wa kumngojea, Stellah. Magoti yangu yamekataa huu mwendo wa kwenda pole pole."