Mstari Uliokosekana

Ti, ti, ti. Niliusikia moyo wa mama tangu jikoni, kabla hajatokea na sahani ya viazi vikuu.

Sheria inataka kila aliyetimiza miaka sitini alazwe usingizi kila usiku na moyo wake wa chuma. Saa tatu usiku unapunguza mapigo, alfajiri unayarudisha. Mimi hukagua programu inayousomea moyo saa. Asubuhi ile toleo jipya lilikuwa mbele yangu, na bosi wangu Mwanahawa yuko kwenye simu.

"Idhinisha basi, Kombo. Si wewe ndiye bingwa?"

"Subiri, dada. Betri ya moyo ikibadilishwa, saa yake hupotea, kisha huweka alama kuonya kwamba isiaminiwe. Hapa hakuna mstari unaoisoma alama hiyo. Mjinga gani kaandika hivi?"

"Hapo hapajaguswa tangu toleo la mwaka jana. Ulilikagua wewe, kwa dakika ishirini, ukatutambia mwezi mzima."

Mama akapiga mwayo. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mama, betri umebadilisha lini?"

"Sasa hivi, baba. Mbona macho yananiwia mazito?"

Ti. Nikahesabu hadi tatu. Ti.

Moyo ulidhani ni usiku. Nilimketisha, nikachomeka waya wa kompyuta kifuani pake. Simuni Mwanahawa alikuwa akiuliza ni wazee wangapi wanaotumia toleo lile.

"Kombo, nalala."

"Lala, mama," nikasema, nikianza kuuandika ule mstari uliokosekana. "Nitakuamsha mwenyewe. Siondoki hapa mpaka uamke."