Maua ya Noeline

Hinewai Paki aliingia kwenye sherehe akiwa na maua ya kupeleka kaburini. Kaburi lenyewe hakujua liko wapi. Hilo ndilo lililomleta.

Ilikuwa sherehe ya kuiaga Redio Kea, redio ya wanafunzi pale mjini Dunedin, kabla jengo lake halijabomolewa. Waliowahi kujitolea pale walikuja na mvi zao, wakala mikate ya jibini ya kukunja, kila mmoja akasimulia upuuzi wake wa ujanani. Gordon Muir, aliyekuwa meneja wao, alizunguka na sinia. Alikuwa mzee wa kujikokota sasa, lakini ile sauti iliyokwaruzwa na kiko haikubadilika.

"Gordon, unamkumbuka Noeline?" Hinewai alimuuliza. "Yule bibi wa kule bondeni aliyekuwa akinipigia simu. Atakuwa amefariki zamani, nataka kujua alizikwa wapi."

"Waliopiga simu walikuwa wengi, mwanangu. Chukua mkate."

Wengi wapi! Kwa Hinewai alikuwa huyo mmoja tu.

Mwaka wake wa kwanza chuoni alipewa zamu ya Jumanne asubuhi na mapema, wakati wanafunzi wote wamelala usingizi wa pono. Alikuwa msichana wa maneno machache, na baridi ya studio ile ilitaka kummalizia hata hayo machache. Siku ya kwanza akaja na hita yake kutoka bwenini. Soketi ilikuwa moja, nyuma ya mlango, nayo ilikuwa na plagi ya kijivu. Akaichomoa, akachomeka hita. Ikawa hivyo kila Jumanne, na kila alipomaliza kipindi aliirudisha ile plagi mahali pake, kama mtu aliyelelewa vizuri.

Hita ilifanya kazi, yeye hakufanya. Alisoma hali ya hewa ya jana. Aliweka santuri kwa kasi isiyo yake, mwanamume mzima akaimba kama kitoto kichanga. Aibu ilimjaa mpaka masikioni. Akavaa koti, akaapa kwamba pale harudi tena asilani.

Simu ikalia.

"Mimi Noeline, nipo huku bondeni," ilisema sauti ya bibi aliyekauka koo. "Hizo ngoma hebu zipunguze, paka wangu kakimbilia chini ya kitanda. Na wiki ijayo usichelewe."

Hinewai akavua koti. Mtu utaondokaje na kuna anayekungoja, hata kama anakungoja akugombeze?

Tangu hapo Noeline alipiga kila Jumanne, na kila Jumanne alikuwa na neno. Mara gitaa linamuumiza meno, mara mtangazaji anameza maneno kama vidonge. Akamwambia aache kuhutubia umati, azungumze na mtu mmoja. Hinewai alipofeli kemia, Noeline alimuuliza kama amekula. Kutembelewa hakutaka, eti nyumba imejaa paka. Wiki moja tu hakupiga, na wiki hiyo hata Gordon wa ofisi ya juu alikuwa safarini Wellington, basi Hinewai alijiona mpweke kwelikweli.

Baadaye sauti yake ilijulikana nchi nzima. Kila alipowasha maikrofoni alizungumza na Noeline peke yake. Lakini asante hakuwahi kumwambia, na jambo hilo lilimkaa rohoni miaka yote.

Zamu ya kusimulia ikamfikia Fergus, aliyekuwa fundi mitambo.

"Jamani, mniambie leo," alisema. "Ni mshenzi gani aliyekuwa akiichomoa ile plagi ya kijivu?"

Akaeleza alivyopanda mlimani kwenye theluji kuukagua mnara, akarudi na mafua, akapanda tena. Mwaka ulipoisha ndipo alipogundua kwamba mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa ukichomolewa ukutani. Spika za humu ndani ziliendelea kuimba, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Huko nje, Jumanne asubuhi, kimya.

"Na hakuna hata mmoja aliyelalamika!" Fergus alisema. Watu wakacheka mpaka wakafuta machozi.

Hinewai hakucheka.

"Jumanne ngapi?" aliuliza.

"Zote, dada. Tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Nje ya jengo hili hakuna kiumbe aliyesikia."

Hinewai aliyatazama maua yake. Gordon akaweka sinia chini, akapangusa makombo mikononi, akayachukua yale maua polepole kutoka kwake na kuyanusa.

"Zile ngoma zilinikera kweli," alisema. "Ila paka sijawahi kufuga."